Fomu Ikikataa: Mjadala juu ya Kanzidata ya SACCOS

MSANIFU WA DATA: Nina ugomvi na kolamu tatu: mdhamini_1, mdhamini_2, mdhamini_3. Zimo kwenye jedwali lenu la mikopo. Kamati ya mikopo ikiamua kesho kwamba mkopo mkubwa unataka wadhamini watano, mtafanyaje?

MTENGENEZA PROGRAMU: Nitaongeza mbili. Kazi ya dakika kumi, kaka. Masharti ya chama yanasema wadhamini ni watatu, nami nikaandika kilichomo kwenye masharti. Viongozi walitaka mfumo uwe umesimama kabla ya mkutano mkuu, na ulisimama.

MSANIFU WA DATA: Dakika kumi ni za kuongeza kolamu. Sasa nijibu swali ambalo ofisa mikopo huuliza kila akipokea ombi jipya: huyu mwanachama ameshawadhamini wangapi ambao bado wanadaiwa? Kwako lazima namba yake itafutwe kwenye kolamu ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, na kesho ya nne na ya tano. Halafu kiasi alichodhamini kimeandikwa wapi? Mmoja ameweka rehani akiba yake ya laki tano, mwenzake milioni mbili, lakini kwenye jedwali lenu wote wawili ni jina tu. Kati ya mikopo na wanachama kulitakiwa kuwe na jedwali la tatu, tuliite udhamini: mstari mmoja kwa kila mdhamini wa kila mkopo, kiasi chake, tarehe aliyosaini, tarehe aliyoachiwa. Wawe watatu au tisa, muundo hauguswi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Hilo nakupa, bila ubishi. Ila usilitumie kunipitishia na mengine. Msanifu ukimkubalia jedwali moja atarudi na arobaini. Nimeshaona mchoro ambao anuani ya mtu mmoja imegawanywa majedwali sita: mkoa, wilaya, kata, mtaa, aina ya makazi, na moja la kuyaunganisha yote. Ukitaka kujua Mzee Hamisi anakaa wapi, unaunganisha majedwali saba. Mchoro ulikuwa wa kupendeza, ukabandikwa ukutani, na programu haikuwa imeandikwa hata mstari mmoja.

MSANIFU WA DATA: Mkoa unastahili jedwali lake. Mwaka 2012 tulipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Mwanachama wa Njombe aliyejiunga 2009 aliandikwa Iringa. Leo ni wa Njombe, na nyumba yake haijasogea. Ukiwa umeandika neno "Iringa" kwenye mstari wake, hutaweza kumtofautisha yeye na jirani yake aliyehama kweli.

MTENGENEZA PROGRAMU: Na jedwali lako linaweza? Ukimhamishia Njombe kwenye jedwali lako, ripoti ya mwaka 2010 nayo inageuka. Mkopo uliotolewa Iringa unaonekana umetolewa katika mkoa ambao wakati ule haukuwapo. Neno nililoandika siku ile lilikuwa kweli ya siku ile.

MSANIFU WA DATA: Ndiyo maana mstari wa makazi unabeba tarehe mbili, kuanzia lini mpaka lini, na mkoa wenyewe unabeba tarehe zake.

MTENGENEZA PROGRAMU: Haya, mmeona? Sita yameshakuwa saba.

KARANI WA DIRISHANI: Jamani, naomba niseme na mimi, maana nyie mnabishania mkoa na mkoa haujawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni ile nyota nyekundu. Tarehe ya kuzaliwa ina nyota. Usipoijaza, kitufe cha kuhifadhi hakibonyezeki. Mzee wa watu kasimama na kiingilio chake mkononi, anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa Uhuru. Foleni imefika mlangoni. Naandika 1 Januari 1961, tunaendelea. Barua pepe nayo ina nyota. Hana barua pepe, naweka ya ofisi.

MKAGUZI: Kumbe. Kwenye orodha ya umri nimekuta kundi zima la watu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Nilidhani ni hitilafu ya mfumo.

KARANI WA DIRISHANI: Siyo mfumo, mama. Ni mimi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Na hapo ndipo ninaposimama. Jedwali kali halileti ukweli, linaleta jibu linalopita. Kaka ndiye aliyeniambia tarehe ya kuzaliwa isikubali kubaki tupu. Tumepata nini? Tupu zilezile, isipokuwa sasa zimevaa nguo na zinafanana na tarehe za kweli. Heri pengo linaloonekana.

MSANIFU WA DATA: Pengo nalo linakula. SQL haioni tupu kuwa sawa na kitu chochote, hata tupu mwenzake. Omba wanachama ambao mkoa wao ni Songwe, utapata orodha. Omba wanachama ambao mkoa wao si Songwe, utapata orodha ya pili. Unganisha orodha hizo mbili uhesabu: wote ambao mkoa wao haukujazwa hawamo kwenye hii wala ile. Mwaliko wa mkutano ukitumwa kwa orodha hizo, hawaupati, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokutokea. Tena hiyo tupu ina maana gani? Hajui alizaliwa lini? Hakuulizwa? Kakataa kusema? Au swali halimhusu kabisa? Kikundi cha VICOBA hakina siku ya kuzaliwa.

KARANI WA DIRISHANI: Kikundi nakiandika kama mtu. Jina la kwanza Umoja, la kati Wa, la ukoo Wakulima. Jinsia namwangalia mwenyekiti aliyekuja kuandikisha.

MKAGUZI: Unaandika nini?

KARANI WA DIRISHANI: Jinsia ya mwenyekiti. Sasa nifanyeje, nayo ina nyota.

MSANIFU WA DATA: Mnasikia? Peter Chen alipotoa mwaka 1976 ile njia yake ya kuchora vitu na uhusiano wao, haja ilikuwa watu wakae waulizane kwanza: vitu gani vipo katika shughuli hii, na kipi kinamhusu nani? Hapa swali la "mwanachama ni nani" halikuulizwa na mtu. Fomu ikajijibu yenyewe.

MTENGENEZA PROGRAMU: Liliulizwa! Niliketi na mwenyekiti, akaniambia mwanachama ni mtu, basi. Vikundi vilianza kupokelewa baadaye, hakuna aliyeniarifu. Kaka, wewe unaamini mteja anaijua kazi yake na anaficha, ukimkalisha vikao vingi vya kutosha ataimwaga yote. Hajui. Anaijua akishaona fomu na kuikasirikia. Kwa hiyo weka mambo machache ya lazima, yaliyobaki yote yakae kwenye kolamu moja ya JSON. PostgreSQL imekuwa na jsonb tangu toleo la 9.4 mwaka 2014, na ina indeksi zake. Mtu anabeba vyake, kikundi kinabeba vyake. Edgar Codd aliandika makala yake ya muundo wa majedwali mwaka 1970, diski zikiwa na bei ya nyumba. Leo kurudia neno "Iringa" mara elfu kumi hakumgharimu mtu chochote.

MSANIFU WA DATA: Bei ya diski siyo hoja aliyoanza nayo Codd. Alianza na mtumiaji: asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine ndipo aweze kuiuliza. Kabla yake ulikuwa unafuata njia aliyokuchongea mtengeneza programu. Ukitaka kuingia kwa upande mwingine, umekwama. JSON yako inaturudisha palepale. Umeuweka mkopo ndani ya mwanachama, wadhamini ndani ya mkopo. Anayekuja kwa upande wa mdhamini anapasua kila hati. Na majina? Nimefungua hizo hati zenu za majaribio. Kuna "simu", kuna "Simu", kuna "namba_ya_simu", kuna "mobile". Hayo yote aliandika mtu mmoja.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mtu mmoja katika miezi tofauti.

MSANIFU WA DATA: Na akija mwingine?

MKAGUZI: Niwaulize kuhusu hiyo simu. Nimeona ndiyo ufunguo mkuu wa mwanachama. Nani aliamua?

MTENGENEZA PROGRAMU: Mimi. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, hela za watu zinatembea kwa namba ya simu. Marejesho yanaingia nayo, ujumbe unatoka nayo, na mwanachama anaikumbuka kwa kichwa. Namba ya uanachama hakuna anayeikumbuka.

KARANI WA DIRISHANI: Anaikumbuka mpaka laini ipotee. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao unaigawa kwa mtu mwingine. Ujumbe wa salio unakwenda kwa mtu asiyehusika kabisa. Na wapo mume na mke wanaotumia simu moja, wote wanachama. Mfumo unamkataa wa pili. Nikaona nikiongeza herufi A mwisho wa namba unapokea.

MSANIFU WA DATA: Kwa hiyo ni maandishi. Afadhali. Mngeifanya namba, ile sifuri ya mbele ingeliwa siku ya kwanza.

MKAGUZI: Mimi ningependekeza namba ya NIDA. Kila mtu na yake, haihami.

MTENGENEZA PROGRAMU: Tuliijaribu, mama. Ina tarakimu 20, na inaanza na mwaka wa kuzaliwa. Namba kamili kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64, hata bila nafasi ya alama ya kutoa, ni 18,446,744,073,709,551,615. Nayo ina tarakimu 20, lakini angalia mwanzo wake. Mtu aliyezaliwa 1990, namba yake inaanza na 1990, tayari imepita. Ingewatosha waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma.

KARANI WA DIRISHANI: Mimi wazee ninao, lakini si wa hivyo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Halafu mhasibu akaomba orodha, akaifungua kwenye Excel. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Akahifadhi, akaturudishia faili tuliingize. Tarakimu tano za mwisho za kila mwanachama zilikuwa zimekwenda.

MSANIFU WA DATA: Ndiyo maana nasema: kitu usichokijumlisha siyo namba, hata kikiwa tarakimu tupu. Kihifadhi kama maandishi. Na ufunguo mkuu uwe namba ya ndani isiyo na maana yoyote, isiyotoka kwa kampuni ya simu wala serikalini. NIDA na simu ziwe sifa za mwanachama, zikibadilika zibadilike, mikopo yake isitikisike.

MTENGENEZA PROGRAMU: Na ufunguo usio na maana unamzuiaje mtu yuleyule kuandikishwa mara mbili? Hauwezi. Mama Neema anajiunga tawi la sokoni kwa jina la mume, na tawi la stendi kwa jina la baba yake, anapewa namba mbili safi zisizo na maana, na mikopo miwili. Simu yangu angalau ingepiga kelele.

MSANIFU WA DATA: Ndiyo, unahitaji na sharti la pili la upekee, juu ya NIDA kwa walio nayo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Na wasio nayo?

MSANIFU WA DATA: Kwa hao hakuna jedwali litakalokusaidia. Lazima mtu awaangalie.

KARANI WA DIRISHANI: Mtu mwenyewe ni mimi, eti?

(Niingilie kidogo kama mwandishi. Jambo moja lilipita bila mvutano hata wa sekunde: pesa zisihifadhiwe kwa namba za desimali zinazoelea, kwa sababu kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo inapata 0.30000000000000004. Kwa kuwa ni nadra kuwakuta hawa wanne upande mmoja, nimeona niliandike. Yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nikae mpaka mwisho.)

MKAGUZI: Sasa lililonileta. Kwenye jedwali la akaunti kuna kolamu ya salio. Kwenye jedwali la miamala kuna weka na toa zote. Nimejumlisha miamala ya kila mwanachama nikalinganisha na salio lake. Kuna ambao haviendani. Nani mkweli?

MSANIFU WA DATA: Miamala. Salio halikupaswa kuhifadhiwa kabisa. Kitu kinachoweza kukokotolewa ukikiandika mahali pa pili, umetengeneza nafasi ya pande mbili kupingana. Na zikipingana hamna pa kwenda kuuliza.

MTENGENEZA PROGRAMU: Hayo ni ya darasani. Dirishani watu wamepanga foleni, wewe unataka kila anayeuliza salio ajumlishiwe tangu siku aliyojiunga?

MSANIFU WA DATA: Mwanachama ana miamala mingapi? Mia chache. Indeksi ikiwa sawa, jumla inatoka kabla karani hajainua macho.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mmoja, sawa. Riba ya mwezi ya wanachama wote je? Gawio la mwisho wa mwaka? Ujumbe wa simu unaouliza salio usiku na mchana? Hata mabenki huhifadhi salio, kaka.

MSANIFU WA DATA: Wanalihifadhi wakijua wanalilinda vipi. Ninyi mnaliandika hivi, nimeusoma msimbo. Programu inasoma salio, inaongeza au kutoa, inaandika jipya. Mwanachama ana 100,000. Dirishani anatoa 30,000. Sekunde ileile mwanawe anamwekea 20,000 kwa simu. Njia zote mbili zimesoma 100,000. Ya dirishani inaandika 70,000. Ya simu inaandika 120,000 juu yake. Salio la haki ni 90,000. Chama kimempa mtu 30,000 mkononi na bado kinamwonyesha anazo. Miamala yote miwili imeandikwa sawasawa, salio ndilo limepotoka. Mama mkaguzi, tofauti zako anza kuzitafuta hapo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Hilo ni kosa langu la kutofunga mstari kabla ya kuusoma, halihusu muundo. Na muundo wako hauponi: akiwa na 100,000, watu wawili wanataka kutoa 80,000 kila mmoja, mmoja tawini mmoja kwa simu, wote wanajumlisha miamala, wote wanapata 100,000, wote wanaruhusiwa. Bila kufunga kitu utalia hata ukiwa na kolamu moja.

MSANIFU WA DATA: Kweli. Lakini mimi nikilia, nitajua nalilia muamala gani.

MKAGUZI: Mimi siyo mtu wa majedwali. Nimesomea vitabu vya hesabu vya kuingiza mara mbili, ambavyo Luca Pacioli alivichapisha mwaka 1494, na humo kosa halifutwi. Unaandika ingizo la kinyume, kosa na dawa yake vyote vinabaki vikisomeka. Kwenye mfumo huu nimekuta salio lililobadilishwa bila muamala wowote. Nani alilibadilisha?

KARANI WA DIRISHANI: Huyo hapo, mama. Nilimpigia simu.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mwanachama alikuwa analia dirishani! Salio lake lilikuwa limekosewa, mimi na yeye na karani tulijua limekosewa. Nikarekebisha moja kwa moja.

MKAGUZI: Kwa haki?

MTENGENEZA PROGRAMU: Kwa haki.

MKAGUZI: Nitajuaje? Kwangu, wewe uliyerekebisha kwa haki na mwizi aliyejiongezea mnaonekana sawasawa. Salio hifadhini, sitawakataza, mradi mtu yeyote aweze kulijenga upya: salio la kufunga mwezi, kisha miamala iliyofuata. Programu isiwe na ruhusa ya kuligusa kwa njia nyingine, na wewe mwenyewe usiwe nayo. Na hapo hapo, mna muamala wa tarehe 31 Desemba ambao mwanachama anaapa aliufanya mwaka mpya, saa saba usiku, akiwa na risiti ya simu.

MSANIFU WA DATA: Seva inashika saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Saa saba usiku ya tarehe 1 kwake ni saa nne usiku ya tarehe 31. Kolamu haikuandikwa ni saa za wapi, ripoti ikaichukua kama ilivyo. Hela imeingia kitabu cha mwaka uliofungwa.

KARANI WA DIRISHANI: Na saa za vikao vya kamati? Wakiniambia saa nne naandika 4.

MTENGENEZA PROGRAMU: Saa kumi alfajiri. Nilishangaa hii kamati inakutana saa ngapi.

MKAGUZI: Na waliojitoa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023. Mtu ana haki ya kuuliza mna nini chake, na kutaka kingine kifutwe.

MSANIFU WA DATA: Hapo jedwali lililotenganishwa ndilo linalookoa. Taarifa zake binafsi zinaondoka, miamala inabaki na namba ya ndani isiyomtaja. Kwenye hati za JSON kila kitu kimeshikana, huwezi kung'oa jina bila kuja na hesabu.

MTENGENEZA PROGRAMU: Inawezekana, ni kazi tu. Lakini nikubali kwa masharti. Miamala, mikopo, udhamini: kali, majedwali yake, funguo rejea zake, nimekubali. Taarifa za mtu: legevu. Hapo sisogei. Dada amewaambia wazi kinachotokea fomu ikibana.

MSANIFU WA DATA: Na mimi sisogei kwamba ulegevu huo ni deni. Kila kinachoachwa bila sharti kwenye jedwali, sharti lake linahamia kwenye programu. Programu ikilisahau, linahamia kichwani mwa dada. Siku akiwa likizo, mfumo una kanuni zipi? Nataka kila badiliko la muundo liandikwe, lipitiwe, lisainiwe na kamati kabla ya kugusa seva.

MTENGENEZA PROGRAMU: Kamati inakutana mara moja kwa mwezi. Wakati huo vikundi vinaendelea kuja dirishani. Viandikwe wapi wakati tukisubiri saini?

KARANI WA DIRISHANI: Vinaandikwa kwenye daftari.

MKAGUZI: Daftari gani?

KARANI WA DIRISHANI: La kwangu. Vikundi vyote vimo, na viongozi wao kwa majina. Wenye simu moja nimewatenganisha. Wasiojua tarehe nimeandika "hajui". Na yale masalio yaliyogoma, kila mtu nimemwandikia la kweli, na siku tuliyoligundua.

MKAGUZI: Hilo daftari nalitaka leo.

MSANIFU WA DATA: Na mimi, kabla hujaondoka nalo.

KARANI WA DIRISHANI: Chukueni. Ila kesho lirudi kabla ya saa mbili asubuhi, bila hilo sifungui dirisha.